Kupanda Baiskeli Huku Unaogopa Mbwa: Mwongozo kwa Wasafiri wa Kisumu na Nakuru

Mwongozo huu ni wa mtu mzima anayejua kupanda baiskeli, mwenye breki zinazoshika na safari ya kila siku, lakini ambaye akisikia mbwa akibweka nyuma ya ua la michongoma hukazwa na tumbo, vidole humganda kwenye usukani na miguu hutaka kukimbia bila kumwuliza ruhusa. Haukuandikwa kwa ajili ya anayetafuta njia ya kuwaumiza mbwa wa watu. Vilevile, yule ambaye bado hawezi kusimamisha baiskeli bila kuyumba afadhali aanze na hilo, kwa sababu karibu kila jambo nitakalolieleza huishia kwenye kusimama.

Mimi nilianza kuuchukulia woga wangu kwa uzito baada ya kuanguka kwenye njia ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya miwa, ng'ambo ya Kibos, nje kidogo ya Kisumu. Mbwa aliyenitoka mbio alikuwa mdogo, wa rangi ya mchanga, na sikio lake moja lilikuwa limekatika ncha. Nilipomsikia nyuma yangu nilikanyaga pedali kwa nguvu zangu zote, nikageuza shingo kumtazama, na gurudumu la mbele likaingia kwenye mfuo mkavu ulioachwa na trekta za miwa. Nilipita juu ya usukani nikaangukia kiwiko. Mbwa alisimama hatua tatu kutoka nilipolala, akanitazama, kisha akaenda kwenye mkate uliokuwa umechomoka kwenye keria, akaubeba pamoja na karatasi yake na kurudi kwao. Hakunigusa hata kwa pua. Nilifungwa plasta kwa wiki sita, na katika wiki hizo nilipata nafasi ya kufikiri sana juu ya sekunde tano zilizotangulia kuanguka kwangu, kwa sababu ndizo zilizonivunja mkono. Hatua zote zinazofuata zinahusu sekunde hizo tano.

Hatua ya kwanza: Jua ni kitu gani kinachokimbizwa

Mbwa wetu wengi hawamkimbizi mtu, hukimbiza kitu kinachokwenda. Mbwa ni mnyama wa kuwinda hata kama babu zake wote wamelelewa kwa ugali, na baiskeli humpitia mbele ya macho ikiwa na magurudumu yanayozunguka kwenye kimo chake, miguu inayopanda na kushuka, na mlio wa cheni unaobadilika kila unapoacha kukanyaga. Mtu yule yule akishuka na kutembea, mara nyingi mbwa huyo huyo hupoteza hamu au hubaki akibweka pale pale alipo.

Sababu ya pili ni ulinzi wa boma. Katika maboma mengi ya Kisumu, Siaya na Vihiga lango halifungwi mchana, na mbwa hujipimia mwenyewe mpaka wa nchi yake, ambao aghalabu huvuka barabara hadi kwenye mti au jiwe alilozoea kulikojolea. Tazama jambo hili kwa macho yake: kila asubuhi mgeni hutokea, yeye hubweka na kukimbia, na mgeni hutoweka. Kila asubuhi mbwa hushinda. Unapoongeza mwendo unamthibitishia kwamba kazi yake ina matunda, na kesho atatoka mapema zaidi.

Hesabu nayo haitupendelei. Mtu wa kawaida kwenye baiskeli ya kawaida huenda kilomita 15 hadi 20 kwa saa, na akikazana kwenye tambarare atapita hapo kidogo. Mbwa wa kawaida, kwa mwendo mfupi, hufikia kilomita 30 kwa saa na zaidi bila shida. Kukimbia kunaweza kukufaa kwenye lami iliyo safi, penye mteremko, wakati mbwa yuko mbali nyuma na mpaka wake umekaribia. Kwenye njia ya vumbi yenye mashimo kukimbia kunaongeza hatari badala ya kuipunguza.

Jifunze pia kusoma mwili wake. Mbwa anayebweka kwa sauti ya juu, akirukaruka, mkia ukiwa juu, akisogea mbele na kurudi nyuma, anapiga kengele ya boma. Wa kuangaliwa zaidi ni yule anayekuja kimya, mwili umeshuka, kichwa kimenyooka, manyoya ya mgongoni yamesimama. Na kuna wa tatu, ambaye ni nadra lakini ni lazima umjue: anayepepesuka, anayetokwa na mate mengi, taya likining'inia, anayeuma miti na mawe na asiyeheshimu mpaka wowote. Huyo usimjaribie mbinu yoyote ya mwongozo huu. Weka ukuta, lango au gari kati yako na yeye, kisha mwarifu chifu au daktari wa mifugo wa eneo hilo siku hiyo hiyo.

Hatua ya pili: Waandike mbwa wa njia yako

Chukua daftari dogo la shule na kwa wiki mbili uandike kila mbwa unayemwona au kumsikia: mahali, saa, na alichokifanya. Usiandike ulivyojisikia, maana hilo lina hatua yake. Nilipomaliza wiki mbili kati ya Mamboleo na Kibos nilikuwa na mbwa 11 kwenye daftari, na wawili tu kati yao ndio waliowahi kutoka nje ya lango. Tisa waliobaki walikuwa sauti tu, nami kwa miaka mitatu nilikuwa nikizunguka kilomita nzima kwa ajili ya sauti.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kwenye mitaa yenye kuta ndefu, kama Milimani ya Kisumu au Milimani na Section 58 kule Nakuru, mbwa wengi huachiliwa ndani ya ua usiku na kufungiwa asubuhi. Wakati mbaya ni ule mlinzi anapofungua lango gari litoke au watoto waende shule, kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, kabla mbwa hajarudishwa kwenye kibanda chake. Vijijini mambo hugeuka: mchana wa jua kali mbwa amelala kivulini na hana haja nawe, ilhali jua likizama huamka na kuanza zamu. Karibu na vichinjio, bucha na majaa ya taka, kama lile la Gioto mjini Nakuru, utawakuta mbwa koko wakiwa kundi, na mbwa akiwa kundini hufanya mambo asiyoyathubutu akiwa peke yake. Kule Dunga, ufuoni, nimewapita mara nyingi mbwa walioshiba matumbo ya samaki hadi hawainui kichwa. Pembeni mwa ukurasa weka alama mahali palipo na mbwa jike mwenye watoto. Huyo atakuwa mkali kwa wiki kadhaa, kisha atarudia tabia yake ya awali, kwa hiyo usimhukumu maisha.

Kwa ajili ya wale wawili wa kweli, zunguka ukitaka, kwa muda. Kwa ajili ya wale tisa, usizunguke. Kila unapokwepa kitu ambacho hakikudhuru, mwili huandika kwamba umeponea chupuchupu, na woga huongezeka bila mbwa kufanya lolote.

Hatua ya tatu: Ushughulikie woga ukiwa chini, mbali na baiskeli

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hakuna mtu aliyeacha kushtuka kwa kuambiwa kwamba ule ni unyasi. Mwili hauelewi maelezo, unaelewa mazoea. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha maelezo ya mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu kazi hiyo ilipoanza, na ambaye aliogopa sungura kupita kiasi. Sungura aliletwa akiwa kwenye kizimba, mbali kwanza, wakati mtoto anakula chakula anachokipenda, na kidogo kidogo akasogezwa, hadi Peter akaweza kumpapasa. Njia ya kumsogelea unachokiogopa kwa vipimo vidogo ndiyo inayotumiwa hadi leo na wataalamu wa afya ya akili, na sehemu kubwa ya njia hiyo mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Kwanza jipe kipimo cha woga, kuanzia sifuri hadi kumi: sifuri ni kulala kwenye mkeka baada ya chakula, kumi ni pale unapokosa pumzi. Kisha panga ngazi yako. Yangu ilianzia nyumbani, nikisikiliza mbweko uliorekodiwa kwenye simu, sauti ikiwa chini, kwa muda wa robo saa kila jioni. Nilicheka mwenyewe, lakini jioni ya kwanza nilijipa sita. Baada ya hapo nilisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya lango ambalo nilijua limefungwa, nikamsikiliza mbwa wa ndani mpaka akachoka yeye kabla yangu. Kisha nikamwomba jirani mwenye mbwa aliyekomaa, mtulivu na aliyechanjwa, amfunge kamba, nami nikakaa kwenye kigoda umbali wa mita 30. Wiki iliyofuata tukafika mita 15, kisha tano. Siku ya kumgusa ilipofika nilimgusa mgongoni, si kichwani, na nilishangaa kwamba manyoya yake yalikuwa makavu na magumu kama ufagio. Kwa sababu ninazozijua mwenyewe nilikuwa nimetarajia kitu chenye unyevu.

Kanuni inayoshikilia ngazi yote ni kutoondoka wakati woga uko kileleni. Ukifika nane na ukakimbia, mwili utajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kaa pale pale, pumua, ungoje ishuke hadi nne. Inashuka, ingawa dakika kumi za kwanza utaona kama haishuki. Kupumua kwenyewe kuna namna: vuta pumzi ukihesabu hadi nne na uitoe ukihesabu hadi sita, kwani pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoupunguza mwendo wa moyo. Kama kipimo hakishuki baada ya nusu saa, umeruka kidaraja, kwa hiyo rudi chini kimoja kesho yake, wala usijilaumu.

Usimruhusu rafiki mwenye mzaha akuletee mbwa ghafla ili "uzoee". Mzaha huo hubomoa kazi ya mwezi mzima. Watoto wa mtaa watacheka wakimwona mtu mzima amekaa kwenye kigoda akimkodolea macho mbwa wa jirani. Mimi niliwaambia ukweli kwamba ninajifunza, na baada ya siku mbili wakawa ndio wanaonihesabia mita. Na ikiwa woga wako umekufanya uache kazi, ukose usingizi au ushindwe kutoka nyumbani, ngazi ya kujipangia haitoshi. Mwone mshauri au mwanasaikolojia katika hospitali kubwa ya kaunti, umweleze wazi kwamba ni woga wa mbwa.

Hatua ya nne: Zoeza mikono na miguu kusimama

Tafuta kiwanja kitupu, cha shule au cha kanisa siku isiyo ya ibada. Panda kwa mwendo wa kawaida, jipe amri ya "simama" kwa sauti, funga breki zote mbili kwa pamoja, teremka, na uhakikishe kwamba baiskeli imebaki kati yako na mahali ulipomwazia mbwa. Fanya hivyo mara 20 kwa kuteremkia kushoto na mara 20 kwa kuteremkia kulia. Upande wa kulia ndio utakaokutesa, kwa sababu wengi wetu tumezoea kuteremkia kushoto, na mbwa hachagui upande wa kutokea.

Wenye Black Mamba, ile baiskeli nzito ya chuma yenye bomba la juu na breki za vyuma, wana mazoezi ya ziada. Keria ikiwa na mzigo, uwe ni dumu la maji au kreti la mayai, huwezi kuupitisha mguu kwa nyuma, hivyo ni lazima ujifunze kuupandisha kwa mbele, juu ya bomba, goti likiwa limekunjwa karibu na kifua. Anayejaribu jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya mbwa ataanguka na mayai yake. Breki hizo pia hushika polepole mvua ikinyesha. Anza kupunguza mwendo mapema zaidi kuliko mwenye baiskeli ya gia.

Vitu vya kubeba ni vichache. Chupa ya maji yenye kifuniko cha kubana, iliyowekwa mahali mkono unapoifikia bila kutazama. Suruali ndefu ya kitambaa kizito. Kengele inayolia, ya kupigwa mita 50 kabla ya boma, kwa sababu mbwa aliyeshtuliwa usingizini ni mkali kuliko aliyekusikia ukija. Fimbo sikupendekezei, inakunyima mkono mmoja wa breki, na mbwa aliyewahi kupigwa huiona kabla hajakuona wewe. Visikizi vya simu vivue kabisa kwenye kipande cha njia ulichokitia alama.

Hatua ya tano: Anapotokea

Ukimwona akiwa mbali, acha kukanyaga, toa pumzi ndefu, na upunguze mwendo hadi kama wa mtu anayetembea haraka. Tazama njia mahali unapotaka gurudumu lipite. Mbwa mwangalie kwa pembe ya jicho tu. Kumkazia macho ni kumtolea changamoto, na kugeuza shingo ndiko kulikonipeleka mimi kwenye mfuo. Kama njia ni pana, pita upande wa mbali na boma, lakini usiuvamie upande wa magari kwa ajili ya mbwa, hasa kwenye barabara ya Busia au ile ya Kakamega, ambako matatu haitakupa nafasi ya pili.

Mara nyingi mambo huishia hapo. Mbwa hubweka, husindikiza hadi kwenye mpaka wake, husimama.

Akija moja kwa moja, simama. Teremka upande usio wake, weka baiskeli mbele yako kama ua, shika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine. Sasa wewe si kitu kinachokwenda tena, na utaona uso wake ukibadilika. Mbwa wengi huduwaa hapo, kama mtu aliyefukuza basi likasimama kumsubiri. Usipige kelele za hofu wala usimpige teke, kwa maana teke humpa mguu wa kuuma na hukuacha umesimama kwa mguu mmoja. Sema neno moja, kwa sauti nzito, bila kulirudiarudia mfululizo.

Lugha ya neno hilo ina maana yake. Mbwa wengi wa vijiji vilivyo kandokando ya Kisumu hawajawahi kuamrishwa kwa Kiswahili, na "rudi nyumbani" kwao ni kelele tu. Jaribu "dhi dala", ambayo kwa Kijaluo ni nenda nyumbani. Kule Bahati na Njoro, upande wa Nakuru, utasikia wenyeji wakiwaambia mbwa wao "inuka". Mara ya kwanza nilidhani mbwa anaamriwa asimame, naye amekwisha simama; kumbe ni neno la Kikuyu la kumwambia mtu aende kwao.

Akiendelea kukukaribia, mwagie maji usoni kwa kuibana chupa. Hayamuumizi, lakini humkatiza. Katika vijiji vyetu ni nadra kukuta mbwa asiyeijua pia ishara ya mtu anayeinama kuokota jiwe, na kuinama bila kuokota chochote mara nyingi hutosha. Ifanye akiwa bado hatua tano au zaidi kutoka kwako. Akiwa karibu kuliko hapo usiiname kabisa, kwa kuwa utakuwa unampelekea uso wako. Na usirushe jiwe lenyewe: kelele itageuka ugomvi, na mwenye mbwa yuko nyuma ya ua anakutazama.

Kisha ondoka kwa kutembea, ukiisukuma baiskeli, ikibaki kati yenu, bila kumpa mgongo. Usipande tena mpaka umevuka mpaka wake na amekwisha geuka. Watu wengi huharibu mambo hapa: mbwa ametulia, mtu anaona aibu ya kutembea, anarukia kiti na mbio zinaanza upya.

Wakiwa kundi, egemea ukuta, ua au mti ili wasikuzunguke, na uite watu. Ukiangushwa, jikunje kama mpira, ngumi zifunike shingo na masikio, ulale kimya. Nimelieleza kwa kuwa ni lazima lielezwe. Katika miaka yangu yote ya kusukuma pedali halijanipata.

Hatua ya sita: Zungumza na mwenye mbwa

Hatua hii huwashinda wengi kuliko kumkabili mbwa, nami naiona kuwa yenye faida kubwa kuliko zote. Nenda jioni, kwa miguu, usiende ukiwa umetoka kukimbizwa na damu bado inachemka. Piga hodi ukiwa nje ya lango. Mazungumzo yangu na mama wa boma la kule Kibos yalikwenda hivi:

"Hodi hapa, mama."

"Karibu. Ingia tu."

"Asante, mama, nitasimama hapa hapa. Mimi hupita hii njia kila asubuhi kwa baiskeli. Mbwa wenu hunitoka mbio hadi pale kwenye mwembe, na mwezi uliopita nilianguka nikavunjika mkono."

"Huyu? Huyu haumi, kijana wangu."

"Nakuamini, mama. Yeye haumi, mimi ndiye naanguka."

Alicheka, nami nikamwomba amfunge kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, siku za kazi tu. Jibu la kwamba mbwa haumi utalipata katika kila boma, na usibishane nalo, kwa sababu kwa watu wa boma hilo ni kweli. Omba jambo dogo lenye saa yake. Ombi la kumfunga mbwa siku nzima halikubaliki, maana yupo pale kwa ajili ya wezi. Uliza mambo mawili mengine kabla hujaaga: kama amechanjwa kichaa, na anaitwa nani. Mbwa anayeitwa kwa jina lake na mtu aliye barabarani husita, na kusita huko ndizo sekunde tunazozitafuta. Yule wa Kibos aliitwa Tarzan, kwa urefu wake wote wa sentimita 40.

Ikiwa mwenye mbwa hasikii, mpelekee mzee wa mtaa, kisha chifu. Wako watakaokushauri utupe nyama yenye sumu. Huo ni ukatili, ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na sumu hiyo inaweza kuokotwa na mtoto. Kumrushia mbwa mkate kila siku ili akunyamazie nako sikushauri. Atajifunza kukungojea katikati ya barabara, na siku usiyo na mkate utakuwa na mdai.

Hatua ya saba: Ukiumwa

Hapa usisubiri kuona. Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa, hata kama ni mkwaruzo mdogo, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usilipake pilipili, majivu, mafuta ya taa wala kitu kingine, na usilifunge kwa kulibana. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, huingia kwa jeraha na kusafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na mwendo huo wa polepole ndio unaoipa chanjo nafasi ya kufanya kazi. Dalili kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au mwaka mzima, na zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Hii ndiyo sababu ya kutongoja.

Chanjo hutolewa kwa awamu, na awamu zilizobaki zifuate hata kidonda kikipona. Jeraha likiwa la kina, daktari anaweza kuongeza kingamwili inayodungwa kuzunguka jeraha lenyewe, na atakuuliza pia juu ya pepopunda. Kwa kuwa si kila zahanati huwa na chanjo hii, uliza kwa simu kabla ya kupanda boda boda. Mbwa mwenyewe, kama anajulikana, asiuawe. Afungwe na aangaliwe kwa siku kumi. Akibaki mzima, daktari anaweza kubadilisha mpango wa chanjo, lakini chanjo ianze bila kungoja siku hizo. Kenya ina mpango wa mwaka 2014 hadi 2030 wa kuutokomeza ugonjwa huu kwa binadamu, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kwa hiyo ukisikia kampeni ya chanjo imetangazwa kwenye baraza, mkumbushe yule mama na wenzake.

Hatua ya nane: Siku ya kurudi nyuma

Itakuja. Utakuwa umefika mahali pazuri, kisha asubuhi moja mbwa usiyemjua atachomoka kwenye mtaro na kila kitu kitarudi, pamoja na tumbo na vidole. Hata yule mtoto Peter alipatwa na hilo: katikati ya kazi aliugua, na alipokuwa akiondoka hospitalini na muuguzi, mbwa mkubwa aliyekuwa akipita mbio aliwarukia wote wawili. Woga wake ulirudi ulivyokuwa, na kazi ikaanzishwa tena kwa ile njia ya chakula na sungura kwa pamoja, na ikafaulu.

Fanya hivi. Siku hiyo hiyo, andika kwenye daftari alichokifanya mbwa, kwa sentensi moja. Kesho yake rudi mahali pale pale ukiwa kwa miguu, mchana, na mtu mmoja unayemwamini, usimame mpaka kipimo kishuke hadi nne. Siku ya pili pita ukiisukuma baiskeli. Siku ya tatu pita tena hivyo hivyo, hata kama unajiona uko tayari kupanda. Siku ya nne panda, chupa ikiwa imejaa maji, na kengele uipige mita 50 kabla ya mtaro.